Zeferino Assis Colaço, Aliyenong'oneza Pembeni

Ndugu, majirani na wasanii mliofika Curtorim asubuhi ya leo, wasifu wa Zeferino Assis Colaço unasomwa na mdogo wake, Piedade, kwa kuwa ndiye ndugu yake wa tumbo moja aliyebaki. Ilifaa usomwe na mjane, Ermelinda, ambaye sauti yake nyote mnaijua tangu jukwaani. Hatausoma, na sababu itasomwa humu humu, maana kuna jambo familia inataka kuwaomba mumfanyie kabla hamjaondoka hapa. Msomaji hajalia tangu Alhamisi. Wengine mmeliona hilo na mmeuliza. Amepika, amekunja shuka, amechagua jeneza, na yote hayo ameyafanya kama mtu aliyetumwa na jirani.

Zeferino alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Februari 1950, hapa hapa Curtorim, Goa, nyumba ya tatu ukitoka bwawani. Alikuwa mtoto wa pili wa Salvador Colaço, mpishi wa melini, na Apolina, mkulima wa mpunga. Alibatizwa katika kanisa hili. Baba yetu alikaa baharini miaka miwili miwili, na akirudi likizo alikuta watoto wa jirani wamerefuka, wazee wamekufa, na wake wapya wameolewa asiowajua. Aliona aibu kuuliza. Basi Zeferino, kimo cha mguu wa kiti, alisimama nyuma yake kila mgeni alipoingia na kumtajia polepole: huyu ni fulani, mwana wa fulani, mama yake alikufa kwaresima iliyopita. Baba akatoa pole kwa wakati wake, na kijiji kizima kikasema Salvador hasahau watu.

Masomo aliyaanza mwaka 1956 katika shule ya parokia, kwa Kireno, lugha ya waliotutawala wakati ule, kama wote wa rika lake. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, lakini alijua majibu ya wenzake kuliko yake, na hakuweza kumwacha mtu akisimama mbele ya mwalimu bila neno. Siku moja mwalimu aliuliza mto mkubwa wa Ureno. Safu nzima ikajibu, mmoja baada ya mwingine, kwamba ni Zuari, mto unaopita kwetu hapa. Mwalimu hakuhitaji kuuliza nani amewatilia neno hilo masikioni. Zeferino alipiga magoti juu ya changarawe mpaka kengele, na hata huko kwenye changarawe akamnong'oneza aliyeitwa baada yake. Wareno waliondoka Desemba 1961, masomo yakageuzwa kuwa ya Kiingereza, watoto wakarudishwa nyuma madarasa. Alimaliza sekondari Margao mwaka 1968, akiwa na ndevu.

Juni 1969 alikwenda Bombay. Alifikia kwenye klabu ya kijiji chetu kule Dhobi Talao, alikofikia kila kijana wa Curtorim: sanduku lako ukutani, mkeka wako sakafuni, rozari jioni, na atakayechelewa rozari anajibu kwa wazee. Mchana alikuwa karani katika ghala la vipuri vya meli. Jumapili alikwenda kwenye tiatr. Wakwe zetu waliotoka mbali wavumilie neno moja tu: tiatr ndiyo michezo yetu ya kuigiza, kwa Kikonkani, yenye nyimbo za kuwasema wakubwa kati ya pazia na pazia, na watu wetu huila kama wali. Zeferino alitaka kuwa mwigizaji. Alipewa nafasi ya askari polisi, maneno mawili matatu tu. Aliingia jukwaani, akasimama, akakauka. Maneno ya watu wote alikuwa nayo kichwani, ya kwake hakuna. Ukumbi ukaanza kupiga miluzi, na sauti moja kutoka viti vya nyuma ikasema, "Afande, kama hukumbuki unamkamata nani, nikamate mimi nipumzike." Akageuka akatoka, na huo ndio ukawa mwisho wa askari.

Mwaka 1971 mnong'onezi wa kundi lile alishikwa na homa, wakamkalisha Zeferino mahali pake. Hakuinuka tena kwa miaka arobaini na sita. Kazi yenyewe nyote mnaijua lakini hakuna anayeitazama. Mtu anakaa pembeni, nyuma ya kitambaa, ana taa ndogo na karatasi za mchezo, na anasoma kila neno nusu pumzi kabla ya mwigizaji, kwa sauti inayofika jukwaani na isiyofika kiti cha kwanza. Waigizaji wetu hawana muda wa kukariri. Leo wako Margao, kesho Mapusa, keshokutwa Panjim. Wanamtegemea yule wa pembeni. Akisema cheka, wanacheka.

Akikosea, wanakosea naye. Mwaka 1988, huko Mapusa, ulikuwa mchezo ambao baba anakufa pazia la sita. Baba alikuwa Menino Barreto, marehemu sasa, mtu wa tumbo na sauti. Pembeni, mpiga ngoma alikuwa ameweka kikombe chake ukingoni mwa kiti cha Zeferino, karibu na karatasi, na Zeferino akamwambia, "Sogeza chai, itamwagika." Menino, macho ameyafumba, pumzi ya mwisho mwisho, akasema kwa uchungu mwingi, "Sogeza chai... itamwagika," akafa. Aliyekuwa binti yake katika mchezo ule aliinuka polepole, akaendea meza isiyokuwa na kitu, akakisogeza kikombe ambacho hakikuwapo, ndipo akarudi kulia. Ukumbi mzima ulilia. Sokoni watu walisema ndivyo wazee wetu wanavyokufa, wakiwaza nyumba. Hawakuliondoa tena neno lile. Lilichezwa hivyo mpaka Kuwait.

Binti yule wa jukwaani alikuwa Ermelinda, mke wa Zeferino. Walifunga ndoa tarehe 27 Desemba 1976 katika kanisa la kwao, Raia, na habari ya kukutana kwao ni fupi. Katika kundi zima, Ermelinda peke yake ndiye aliyekuwa akikariri. Siku ya kwanza Zeferino alipomsomea, aligeuza uso kidogo pembeni, kwa namna ambayo watu hawakuiona, akamwambia, "Nyamaza wewe, najua." Zeferino akanyamaza. Tangu hapo, kila zamu ya Ermelinda ilipofika, aliweka karatasi magotini akatazama tu. Alimwambia mdogo wake kwamba huo ndio muda pekee aliouona mchezo kama watu wengine wanavyouona. Walijaliwa watoto wawili, Lavina na Bosco. Walirudi Goa mwaka 1984, akaajiriwa posta ya Margao, akastaafu mwaka 2010. Jukwaa hakulistaafu.

Sasa linafuata lile ambalo kaka hakutaka lisemwe. Ermelinda amekaa hapa mbele na anasikia. Hatumsengenyi, tunasema mbele yake.

Novemba 2013, Margao, katika mchezo alioucheza mwaka mzima, Ermelinda alifika katikati ya maneno yake akakoma. Zeferino hakuwa akisoma, alikuwa akitazama. Watu walidhani ni huzuni ya mchezo. Zeferino akaokota karatasi magotini, akatafuta mahali, akamsomea, na Ermelinda akayapokea maneno akaendelea. Baada ya mchezo alimuuliza mumewe, "Leo umenisomea kwa nini?"

"Nilijisahau tu," akajibu.

Tangu usiku ule alimsomea kila neno. Kiongozi wa kundi alisema mwanamke huyu amechoka, apumzishwe. Zeferino akasema siku atakayokosa neno moja mbele ya watu, wote wawili wataondoka. Hakukosa. Alicheza hivyo mpaka mwaka 2017, watu wakapiga vigelegele, wakadai nyimbo zake zirudiwe, na hakuna aliyejua. Wakaondoka wenyewe, kwa miguu yao, na shada la maua wakapewa.

Nyumbani kazi ikaendelea. Mnaujua ule mlango wa jikoni wenye pazia la maua ya bluu, nyuma ya kiti cha Ermelinda. Mgeni akija, Zeferino alisema anakwenda kuchemsha maji. Kisha Ermelinda alikuita kwa jina lako, akauliza kama mwanao aliyeko Swindon, Uingereza, amepata kazi, akakupa pole ya nguruwe wako aliyekufa, nawe ukatoka ukisema Ermelinda ana roho. Roho anayo kweli. Majina yalitoka nyuma ya pazia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye peke yake. Bosco alipiga simu kutoka Kuwait kila Ijumaa, akamwona mama yake kwenye kioo akicheka na kumuuliza habari za joto, na hakuona mdomo wa baba yake uliokuwa kando ya simu. Alipokuja kuambiwa alikasirika sana, akasema ametapeliwa kwa upendo. Tulimwacha akasirike.

Hata Piedade, dada yake marehemu, hakujua. Mwaka 2019 alikwenda kwao asubuhi na mapema na dagaa, akapitia nyuma, na akiwa hajafika mlangoni akasikia kaka yake akisema kwa chini, "Nyayo za Piedade hizo, dada yangu. Muulize mguu wake." Na Ermelinda akasema kwa furaha, "Piedade, wifi yangu! Mguu unaendeleaje?" Aliulizwa habari za mguu huo kila wiki, na kila wiki alirudi nyumbani akijiona mtu anayependwa. Mguu wenyewe ulipona mwaka 2016. Akajibu kwamba haujambo, akaacha dagaa mezani, akaenda zake. Njiani alikuwa na hasira, baadaye hasira ikaisha. Hakuwahi kumwambia kaka yake kwamba amesikia, ila tangu siku ile alianza kukohoa akifika getini, ili mtu apate nafasi ya kwenda kuchemsha maji.

Ugonjwa wake ulianza kooni, Agosti 2023. Alisema ni vumbi. Madaktari wa hospitali kuu walisema si vumbi, na hawakuzungushazungusha. Alipigwa mionzi, akakonda, akapata nafuu kidogo wakati wa Krismasi, na kufikia Juni mwaka huu sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Mtu aliyewasemea wengine maisha yake yote akabaki na midomo tu. Lavina aliacha chumba alichopanga Panjim akarudi nyumbani, na kazi ikagawanywa: baba anachezesha midomo, Lavina anaisoma, anamnong'oneza mama, mama anamwambia mgeni. Maneno yalichelewa kidogo kufika. Mkadhani Ermelinda anazeeka.

Zeferino hakuogopa kufa, au kama aliogopa alijificha vizuri. Alichoogopa ni siku ya leo. Mwezi uliopita alimshika Lavina mkono, akachezesha midomo, na Lavina ilimbidi amtake arudie mara mbili, si kwa kutosoma bali kwa kutotaka. Alikuwa akiuliza, "Watakuja wote kumpa mkono. Nani atamtajia majina?"

"Mimi, baba," Lavina akasema.

"Wewe huwajui."

Na ni kweli. Lavina aliondoka kijijini akiwa msichana wa shule. Bosco anawajua wachache zaidi. Piedade anawajua wote, waliozaliwa na waliozikwa, lakini hajawahi kunong'ona maishani mwake. Akijaribu, wanamsikia Margao. Zeferino alimtazama dada yake, akalifikiria hilo, akatikisa kichwa. Alikufa bila jibu, na hilo ndilo linalokaa kifuani mwa msomaji kama wali usioiva, badala ya machozi.

Alikufa Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024, saa kumi jioni, nyumbani kwake, baada ya padre kumpaka mafuta. Alizaliwa Alhamisi akafa Alhamisi. Asubuhi ya siku hiyo Piedade alimletea chai, ingawa alikuwa hamezi tena, akaiweka ukingoni mwa kitanda, akaanza kuzungumza na Lavina habari za mavuno. Ermelinda alikuwa kwenye kiti chake. Hakuwa amesema neno tangu jana yake. Akasema, "Sogeza chai, itamwagika."

Kaka alifumbua macho. Akamtazama Lavina, kisha dada yake, akitafuta nani amemsomea. Hakuna aliyemsomea. Akacheka, kile kicheko chake cha mwisho kisicho na sauti, mabega tu, akafumba macho. Piedade aliisogeza chai.

Tulimwambia Ermelinda kwamba Zeferino amefariki. Alilia kama mjane yeyote. Tulipomaliza kumpa uji akauliza Zefrin, jina alilomwita mumewe, yuko wapi. Tukamwambia tena, akalia tena, upya, kama aliyeambiwa sasa hivi. Alipouliza mara ya tatu, Lavina akasema, "Yuko pembeni, mama." Akatosheka. Akashusha sauti, kama wasanii wafanyavyo pazia likikaribia kufunguliwa, na akakaa vizuri.

Jana jioni tuligombana, na hatuoni haja ya kuficha, maana kuta zetu mnazijua. Bosco alitaka mama abaki chumbani, watu waambiwe presha imempanda. Alisema, "Baba kaificha miaka yote hii, leo sisi tumwanike mama makaburini?" Lavina akamjibu kwamba baba aliificha ili mama aweze kukaa na watu, na wao wakimfungia chumbani, watakuwa wameficha mtu, si aibu. Bosco akatoka nje, akarudi na viatu vyeusi vya mama yake, akaanza kuving'arisha. Ndiyo maana mnamwona hapa.

Marehemu ameacha mjane, Ermelinda; binti, Lavina; mwana, Bosco, na mkewe Sheila; wajukuu wawili, Aaron na Myra; dada mmoja, Piedade; na waigizaji wengi ambao hawatajwi kwa majina lakini wanajijua, kwa sababu bila yeye wangesimama jukwaani kama askari yule. Alitanguliwa na wazazi wake na kaka yake, Inácio.

Sasa ombi. Baada ya mchanga, mtapanga mstari kumpa mjane mkono, kama desturi ilivyo. Ujirani ni kufa na kuzikana, na hili ni sehemu ya kuzikana. Ukifika mbele yake, usimuulize kama anakukumbuka. Swali hilo halina jibu na linamuumiza. Mshike mkono, inama, na kabla ya kutoa pole mwambie wewe ni nani: jina lako, mwana wa nani, nyumba ya wapi. Mwambie kwa chini, kwa sauti isiyomfikia aliye nyuma yako. Kisha ngoja kidogo. Yeye atalichukua neno lako na kulisema vizuri kuliko ulivyolisema wewe, kwa maana hiyo ndiyo kazi yake. Mtu akisahau, aliye nyuma amkumbushe. Na kesho sokoni, na Jumapili kanisani, na siku zote atakazobaki nasi, iwe hivyo hivyo. Hilo ndilo jibu ambalo kaka hakulipata Alhamisi. Anapewa leo, na nyinyi ndio mnaolitoa.

Msomaji ataanza, kwa kuwa yuko karibu naye. Atajaribu kunong'ona. Wifi, ni Piedade, dada yake Zeferino, nyumba ya tatu kutoka bwawani. Mguu haujambo.

Na maneno ya kumtakia ndugu yetu mapumziko ya amani, tuyaseme pamoja, polepole, nusu pumzi kabla ya Ermelinda, ili ayasikie na ayaseme yeye kwa sauti.